Mbunge anauliza, waziri anajibu, na hatupati kitu. Tunakosea wapi kwenye maswali?

Mshika Faili

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa kweli, hasa wale mliowahi kufanya kazi karibu na bunge au wizarani.

Nina miezi minane sasa namsaidia mbunge mmoja, yuko upinzani, kazi yangu ni kumtafutia taarifa na kumwandikia maswali ya kuwauliza mawaziri, ya mambo ya ndani na ya nje. Ni mtu anayesoma, anajiandaa, hapigi kelele za bure. Lakini kila akisimama tunatoka mikono mitupu. Wiki iliyopita imeniuma kuliko zote ndo maana naandika.

Tulikuwa na maswali mawili siku moja. La kwanza dawa kwenye vituo vya afya vya serikali, la pili mabinti wanaoenda kufanya kazi za ndani nchi za Ghuba. Hili la pili lilianza na mama mmoja aliyekuja ofisini na simu mkononi, akatusikilizisha sauti ya mwanae, sekunde kama arobaini hivi, binti anaongea kwa kunong'ona anasema bosi ameshika pasipoti na mshahara hajawahi kuuona tangu afike. Mama hakulia. Alikuwa anairudisha tu ile sauti mwanzo, inacheza tena, kama vile hatujasikia. Nikamwahidi litafika kwa waziri.

Na kweli likafika. Nilikesha naliandika, utangulizi mrefu, takwimu mbili tatu, halafu nikamalizia hivi: "Je, Serikali ina mpango gani wa kulinda maslahi ya raia wetu wanaofanya kazi za ndani nje ya nchi?" Siku yenyewe nilikaa juu kule kwa wageni. Waziri akasimama, akafungua faili, akasoma kwamba Serikali inatambua umuhimu wa suala hili, inaendelea na mazungumzo na nchi husika, na inawaasa wananchi wafuate taratibu, na kabla hajafika mwisho wa sentensi mkono wake ulishaanza kufunga faili. Mbunge wangu akapewa nafasi ya swali la nyongeza, akasoma lile nililomwandikia usiku, ambalo halikugusa hata neno moja la waziri kwa sababu niliandika kabla waziri hajafungua mdomo. Akajibiwa yale yale kwa maneno mengine, Spika akaita swali linalofuata, basi.

Jioni yule mama akapiga simu kuuliza waziri kasemaje. Sikuwa na la kumwambia.

Sasa naomba kujua, haya maswali yana kazi kweli au ni utaratibu tu wa kufungulia kikao? Na kama yana kazi, yanaandikwaje, hasa ya mambo ya nje ambako kila ukigusa unaambiwa ni diplomasia au usalama wa taifa?

---

Karani Mstaafu

Mdogo wangu pole. Nitakuambia kitu ambacho pengine hakuna aliyekuambia, kwa sababu mimi nilikaa wizarani miaka mingi na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuandika hayo majibu anayosoma waziri.

Swali likitoka kwa Katibu wa Bunge linakuja wizarani, linateremshwa idara inayohusika, afisa mmoja anakaa chini analiandikia jibu, mkurugenzi anapunguza maneno, katibu mkuu anapunguza tena, ndo linaingia kwenye faili la waziri. Na kwenye lile faili nyuma ya jibu kuna karatasi nyingine, ya maswali ya nyongeza tunayoyategemea na majibu yake. Kwa hiyo waziri akisimama ujue hajasimama peke yake, nyuma yake kuna idara nzima iliyokaa siku kadhaa ikitafuta mlango wa kutokea.

Na wewe mlango ulituachia wazi. "Je, Serikali ina mpango gani" ndo swali tulilokuwa tunalipenda kuliko yote. Ukilipata unashukuru Mungu, manake mpango haukosekani, hata kama ni kikao kilichopangwa mwezi ujao huo nao ni mpango. Afisa anaandika jibu kabla chai haijapoa. Ndugu yake ni "ni lini Serikali itafanya", hilo nalo jibu lake liko tayari, pindi fedha zitakapopatikana. Haya maswali mawili yanaulizwa kila siku, na watu wanaondoka wakiamini waziri amewakwepa wakati ukweli hakukwepa kitu, aliulizwa habari za kesho akajibu habari za kesho.

Yaliyokuwa yanatunyima usingizi ni maswali ya jana. Mangapi. Tarehe gani. Nani alisaini. Kiasi gani kilitoka na kiasi gani kilifika. Swali la namna hiyo likija idara nzima inatafuta jalada, mkurugenzi anampigia mwenzake wa wizara nyingine, na mara nyingi katika kulitafuta jibu ndo tunagundua wenyewe kwamba kitu hakijafanyika, na nimeona zaidi ya mara moja kitu kikafanyika haraka haraka siku tatu kabla ya swali kufika bungeni ili waziri asiaibike. Mbunge hakuwahi kujua. Aliona tu waziri amejibu vizuri akakaa chini na huzuni yake.

Kwa hiyo swali lako la mabinti mimi ningelifuta lote na utangulizi wake. Ningemuuliza waziri wa mambo ya nje, tangu Januari mwaka jana ubalozi wetu katika nchi fulani (taja nchi moja, usiseme Ghuba, Ghuba haina balozi) umepokea malalamiko mangapi ya raia wetu walioshikiliwa pasipoti na waajiri, na katika hayo ni wangapi waliorudishiwa. Nukta. Hapo hakuna mpango wa kujificha nyuma yake. Ama ana namba, ama hana. Akiwa nayo umepata kitu cha kumpelekea mama. Akiwa hana, basi amekiri mbele ya bunge kwamba ubalozi wake hauandiki malalamiko, na hilo ni kubwa kuliko lile la kwanza.

Halafu tenganisha. Mabinti hawa wanapita mikono mingi, wakala aliyewasajili yuko chini ya wizara ya kazi, pasipoti ilitoka uhamiaji, ubalozi uko mambo ya nje. Ukimpa waziri mmoja mzigo wote atakujibu robo yake na robo tatu atasema iko kwa mwenzake. Wape kila mmoja kipande chake, kwa tarehe zile zile, halafu weka majibu mezani uyalinganishe. Waziri wa kazi akisema vibali vilivyotoka ni kadhaa na wa mambo ya nje akataja idadi nyingine ya watu waliopo, hiyo tofauti ndo swali lako la mwezi unaofuata. Sisi kule ndani tulikuwa hatuogopi swali moja, tuliogopa mtu anayerudi.

---

Msoma Taarifa

Shikamoo Karani, umesema kweli tupu. Niongezee upande wa historia kidogo kwa sababu Mshika Faili ameuliza kama maswali yana kazi.

Swali la kwanza kabisa lililoandikwa kwenye kumbukumbu za bunge la Uingereza ni la mwaka 1721, kwenye lile Baraza la Malodi. Lilikuwa fupi. Kampuni ya South Sea ilikuwa imeporomoka na watu wengi wamepoteza fedha, mtunza fedha mkuu wa kampuni akatoroka nchi, basi mjumbe mmoja, Earl Cowper, akasimama akauliza serikali kama ni kweli kwamba huyu mtu ametoroka na amekamatwa Brussels. Angalia hilo swali vizuri. Ni la fedha za watu wa ndani na wakati huo huo ni la mtu aliyeshikwa nchi ya nje. Kwa hiyo hii ya kutenganisha mambo ya ndani huku na ya nje kule ni ya kwenye makaratasi tu, swali la kwanza lenyewe lilikuwa yote mawili. Na lilikuwa swali la kujibiwa ndiyo au hapana, halikuuliza mpango.

Lakini mtu ninayetaka umjue ni Helen Suzman wa Afrika Kusini. Alikaa bungeni miaka 36, kuanzia 1953 mpaka 1989, na kati ya hiyo, miaka 13, 1961 hadi 1974, alikuwa mbunge pekee wa chama chake, yaani yeye peke yake katikati ya ukumbi uliojaa wanaume waliojenga ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 ilipoletwa sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila kumfikisha mahakamani alipiga kura ya hapana peke yake. Sasa mtu wa namna hiyo atashinda kura gani? Hakuna. Alichofanya ni kuuliza. Wangapi wamekamatwa kwa sheria za pasi, zile za kuwalazimisha Waafrika watembee na kitambulisho. Wangapi wako kizuizini. Wangapi wamehamishwa kwa nguvu kwenye maeneo yao. Mawaziri walikuwa wanalazimika kujibu, na kwa sababu yalisemwa bungeni magazeti yaliweza kuyachapa hata yale ambayo mwandishi angeyaandika mwenyewe angefungwa. Namba nyingi ambazo dunia ilizitumia kuhukumu ule utawala zilitoka vinywani mwa mawaziri wake wenyewe.

Waziri mmoja alimkasirikia akamwambia unauliza maswali ya kuiaibisha nchi huko nje. Akamjibu kwamba maswali yake hayaiaibishi nchi, yanayoiaibisha ni majibu ya waziri. Hilo jibu nimeliweka kichwani miaka mingi. Kila nikisikia waziri anasema suala hili tusilizungumze litaharibu sura yetu nje, namkumbuka Suzman.

Mbunge wako ana wenzake wangapi wa chama chake mle ndani? Vyovyote itakavyokuwa ana zaidi ya mmoja.

---

Jiwe la Pembeni

Samahanini wote, sitaki kuvunja moyo mtu lakini mi naona mnampa huyu kijana matumaini makubwa. Waziri akiamua kudanganya atadanganya tu, na kwenye mambo ya nje ndo kabisa kwa sababu mbunge hana pa kwenda kuhakikisha.

Mfano mmoja tu. Uingereza hiyo hiyo, mama wa mabunge. Wakati Iran na Iraq wanapigana serikali iliweka mwongozo wa nini kinaruhusiwa kuuzwa huko, wakautangaza bungeni 1985. Mwishoni mwa 1988 mawaziri watatu wadogo wakaulegeza kimya kimya kwa upande wa Iraq, na wabunge walivyokuwa wakiuliza wakawa wanaambiwa sera ni ile ile. Swali linaulizwa, jibu linatoka, limeandikwa vizuri, na sio kweli. Ikabidi kesi ya wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill, walioshtakiwa kwa kuuza mashine Iraq, ivunjike mahakamani mwaka 1992 ndo mambo yakatoka, jaji Scott akachunguza, ripoti yake 1996 ikasema bunge lilipotoshwa. Na baada ya yote hayo serikali ikaponea bungeni kwa kura 320 dhidi ya 319 na hakuna waziri aliyeondoka kwa ajili ya ripoti hiyo. Sasa niambieni, wale waliouliza kuanzia 1988 walipata nini? Miaka yote ile walikuwa wanapewa jibu la uongo wakisema asante Mheshimiwa Waziri.

Mi nadhani bora muda huo mbunge angekaa na yule mama, akampigia simu balozi moja kwa moja. Binti angekuwa ameshapata pasipoti yake.

---

Karani Mstaafu

Jiwe, la kumpigia balozi nakubali, lifanyike leo hii hii, haliwezi kusubiri kikao. Lakini hilo ni la binti mmoja. Walio na simu ya mbunge ni wachache sana.

Na mfano wako naona unasema kinyume cha unachotaka useme. Jaji Scott alifahamu vipi kwamba bunge limepotoshwa? Ni kwa sababu majibu yalikuwepo, yameandikwa, yana tarehe na jina la aliyejibu. Yasingeulizwa yale maswali kusingekuwa na uongo wa kuushika, kungekuwa na ukimya tu, na ukimya haumfungi mtu. Mwaka uliofuata, 1997, bunge lao likapitisha azimio kwamba waziri anayelipotosha bunge kwa makusudi anatakiwa ajiuzulu. John Profumo naye mwaka 1963, waziri wa vita, kilichomwondoa mwishowe hakikuwa yale mahusiano yake ya kimapenzi nje ya ndoa, ni kwamba alisimama bungeni mwezi Machi akakana, na Juni ikabidi akiri kwamba alichowaambia wabunge sio kweli.

Kuna na mtu mwingine nampenda sana, kwa sababu alikuwa karani kama mimi. Clive Ponting. Mbunge Tam Dalyell alikuwa anauliza bila kuchoka kuhusu meli ya kivita ya Argentina, Belgrano, iliyozamishwa na Waingereza Mei 1982, vita vya Falklands, wakafa watu 323. Wengine walimwona kichaa, kila kikao Belgrano, ilikuwa inaelekea wapi, saa ngapi, nani alijua. Ponting alikuwa wizara ya ulinzi akishughulikia majibu ya kumpa, akaona mawaziri hawataki kumjibu ukweli, mwaka 1984 akatia nyaraka kwenye bahasha akamtumia. Alishtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na Februari 1985 wazee wa baraza wakamwachia huru pamoja na kwamba jaji alionyesha wazi anavyotaka waamue. Mimi sikuwa na ujasiri ule. Lakini nakuambia, maafisa wanaoandika majibu wanasikia pia. Mbunge anayeuliza vizuri anaongea na watu wengi waliokaa kimya maofisini.

---

Asha wa Kamati

Mimi nitaongelea jambo moja ambalo halijasemwa, ni mahali pa kuuliza.

Ukumbini waziri ana dakika zake na Spika ana saa yake, ukishapewa nyongeza yako umemaliza. Kwenye kamati mtu anakaa mbele yako saa mbili, hana pa kufungia faili. Kule Marekani mawaziri sio wabunge, hakuna kipindi cha maswali kabisa, kila kitu kinafanyika kamatini, na hakijawafanya wawe dhaifu. Agosti 1964 Seneti ilimpa Rais Johnson ruhusa ya kutumia nguvu Vietnam kwa kura 88 dhidi ya 2, karibu hakuna aliyeuliza. Seneta Fulbright ambaye ndiye aliyeisimamia ile ruhusa ipite aliona baadaye amepotoshwa, na Februari 1966 akamweka waziri wa mambo ya nje Dean Rusk kitini mbele ya kamati yake, kamera za televisheni zinaonyesha, akamuuliza na wenzake wakamuuliza saa kadhaa. Vita haikusimama siku hiyo, ila ilikuwa mara ya kwanza kwa familia nyingi kumwona waziri anatafuta maneno.

Kenya nao katiba ya 2010 ilitoa mawaziri nje ya bunge, ibara ya 153 ikasema lazima wafike mbele ya kamati wakiitwa na wajibu swali lolote lililo chini yao. Lakini angalia, baada ya miaka kumi hivi wabunge wenyewe wakalilia ukumbi, wakabadilisha kanuni na sasa mawaziri wanafika tena ukumbini kujibu. Kwa sababu kamati ina muda lakini ukumbi ndo una masikio ya watu. Kwa hiyo kaka Mshika Faili usichague kimoja. Namba zitafute kwa swali la maandishi, halina nyongeza lakini pia halina haraka, ukishazipata mkamate waziri kamatini, na ukumbini peleka lile moja tu ambalo unataka kila mtu alisikie.

Na kitu kingine, ahadi. India wana kamati maalum tangu 1953 ya kufuatilia ahadi za mawaziri. Waziri akijibu swali akasema tutalifanyia kazi, tutachunguza, tunakusanya taarifa, maneno hayo yanaandikwa kama deni na anatakiwa alitimize ndani ya miezi mitatu au aende kuomba muda. Nyinyi hata kama bunge lenu halina kamati ya hivyo ofisi ya mbunge inaweza kuwa na daftari. Waziri kasema "inaendelea na mazungumzo". Vizuri. Andika tarehe. Baada ya miezi mitatu uliza, mazungumzo hayo yamefanyika mara ngapi, wapi, na aliyeongoza ujumbe wetu ni nani.

---

Mshika Faili

Sijui hata niwashukuru vipi. Karani, ile ya kwamba Ghuba haina balozi imenichoma kabisa, nimerudia kusoma maswali yangu ya miezi yote minane, 31 nimeyahesabu, na 22 yana "ina mpango gani" au "ni lini". Ishirini na mbili.

Balozi tumempigia leo asubuhi, Jiwe asante, ujumbe umechukuliwa na jina la binti limeandikwa.

Kilichobaki ni hiki cha siri. Najua kabisa tukiuliza kuhusu makubaliano ya kazi na hiyo nchi watasema yako kwenye hatua nyeti ya majadiliano, hayawezi kuzungumzwa hadharani. Mara ya mwisho walisema hivyo Spika akamwambia mbunge wangu akae.

---

Wakili Mdogo

Hapo usiulize kilichomo kwenye mazungumzo, uliza wajibu ambao tayari upo hadharani. Chukua Katiba ya Tanzania kwa mfano, ibara ya 63(3)(a), bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hilo la mwisho ndo ufunguo na ndo kufuli. Ukimuuliza waziri kwa nini nchi fulani inawatesa wafanyakazi atasema ni mambo ya ndani ya nchi nyingine na kweli hayako kwenye wajibu wake. Ukimuuliza ubalozi wake umefanya nini hana pa kukimbilia, Mkataba wa Vienna wa 1963 wa mahusiano ya kikonseli kwenye ibara ya 5 unataja kulinda maslahi ya raia na kuwasaidia kama kazi za konseli. Hiyo sio siri ya mtu.

Halafu kuna Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2011, kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Ibara ya 9 inasema mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria. Wengi wanauliza serikali itaridhia lini, na wanajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Lakini watu hawajui kwamba katiba ya shirika hilo inaitaka kila nchi mwanachama ipeleke mkataba mpya kwa mamlaka ya kutunga sheria ndani ya mwaka mmoja, ikishindikana kabisa miezi 18, hata kama nchi haina nia ya kuuridhia. Kwa hiyo usiulize mtaridhia lini. Uliza uliletwa mbele ya bunge hili tarehe gani. Ni swali la jana kama anavyosema mzee Karani. Na hakuna usalama wa taifa kwenye tarehe.

Na akikataa kujibu kwa sababu ya usalama, mbunge asigombane naye. Aombe tu atamke kwa sauti kwamba anakataa, na anakataa kwa kanuni ipi. Kukataa kukiandikwa ni jibu, unaweza kulipeleka kamatini faragha ukaanzia hapo. Kinachotuumiza ni lile la katikati, hajajibu na hajakataa.

---

Mshika Faili

Nimeandika upya, naombeni mlipitie kabla sijampelekea:

"Je, tangu tarehe 1 Januari mwaka jana ubalozi wetu umepokea takriban malalamiko mangapi ya raia wetu walioshikiliwa hati za kusafiria na waajiri wao, ni wangapi wamerudishiwa hati hizo kwa msaada wa ubalozi, na Mkataba namba 189 wa mwaka 2011 uliwasilishwa mbele ya Bunge hili tarehe gani?"

Jina la nchi lipo, nimelitoa tu hapa. Nyongeza sijaandika safari hii, nimempa mbunge karatasi tupu yenye safu mbili, akitaja namba uliza hivi, asipotaja uliza hivi.

---

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu, hilo sasa lingetukesha. Mambo mawili tu. Tarehe ya mkataba itoe, ipeleke kwa waziri wa kazi kama swali lake peke yake, la sivyo wa mambo ya nje atajibu hilo la mwisho kwa kirefu muda uishe bila kugusa namba za ubalozi, tulikuwa tunafanya hivyo. La pili, futa "takriban". Ukimpa neno hilo atakujibu kwa makadirio, na makadirio hayana jalada nyuma yake.

---

Mshika Faili

Nimelifuta. Yako mawili sasa, yanaingia ofisi ya Katibu kesho asubuhi, na yule mama nimempigia nimemsomea lote lilivyo. Ameniomba nimwandikie kwenye ujumbe ili awe nalo.